Mshiriki wa Saba

Mwaka 2024, mvua ya masika ikianza, nikiwa na miaka hamsini na miwili, nilirudi chuoni Eldoret kusomea uzamili. Utafiti wangu ulihusu mazoezi ya wakimbiaji wazee saba. Mmoja alipojitoa, nilifanya jambo ninaloona haya kulisimulia.

Marehemu mume wangu, Kibet, aliacha daftari la mazoezi lililojaa nusu. Kila asubuhi kabla ya masomo nilikimbia njia yake ya Munyaka, nikaandika muda wangu chini ya jina lake, ili daftari lisinyamaze. Basi nikalitia katika utafiti, Kibet akawa mshiriki wa saba.

Msimamizi wangu, kijana wa rika la mwanangu, alifurahi mno.

"Mama, huyu mzee wa saba ni moto! Hata mvua haimzuii. Lazima nimwone."

"Yuko Moiben," nikajibu kwa madaha. Sikudanganya, ndiko tulikomzika.

"Sawa. Jumamosi twende na gari langu."

Nilikosa ujasiri wa kukataa. Tulipofika shambani, alitazama huku na huku, akauliza mzee yuko wapi. Nikamwonyesha msalaba kando ya mahindi. Alivua kofia.

"Pole, Mama. Sasa nani amekuwa akikimbia?"

"Ni mimi, Daktari."

Tarehe 14 Machi 2025, kamati ya chuo ilinipa fomu ya kumwondoa mshiriki. Penye sababu, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika kwa mara ya kwanza: Amefariki.