Mtoto wa Mnyonyaji

Nilikuwa na miaka minane nilipotapika damu mbele ya duka la Baba, Kariakoo, mchana kweupe, watu wakiwa kwenye foleni ya unga. Foleni ikavunjika. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba tuliyopanga, akashika kiuno: "Mnaona? Baba ananyonya, mtoto anatapika. Hizo ni damu za watu!"

Siku zile redio haikuchoka kuwalaani wanyonyaji, na Baba, Mchaga mwenye duka, alikwishaitwa hivyo mara nyingi. Lakini yule bibi alilichukua neno la mikutano ya siasa akaligeuza uchawi, na mtaa mzima ukaamini. Tumbo langu lilikuwa limevimba upande wa kushoto. Wakasema ndiko ninakoweka akiba. Watoto wenzangu wakakatazwa kucheza nami. Niliwachukia wote, na sioni sababu ya kulificha hilo leo.

Hospitali walimweleza Mama kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye ini umeziba, damu imekosa njia, bandama imefura. Daktari akasema huenda kitovu kiliingia uchafu nilipozaliwa. Mama akainama. Kitovu changu kilipakwa masizi ya chungu, na aliyekipaka ni Bi Mwanahawa huyo huyo.

Ilibidi wanipasue, waitoe bandama, wauunganishe mshipa wake na ule wa figo ili damu ipate pa kupitia. Ila kwanza zilitakiwa chupa mbili za damu. Baba alitoa moja. Mama alikuwa mjamzito. Baba akapiga hodi mlango kwa mlango, na jibu likawa lile lile: "Damu yangu nimpe mumiani? Ondoka hapa!"

Aliyekuja ni Seif, hamali wa magunia ya Baba, ambaye yeye na Baba hawakupitisha siku bila kugombana. Akakunja mkono wa shati pale pale hospitalini, akamwita Baba kwa jina la utani la Wachaga:

"Mangi, si wanasema unaninyonya? Haya, leo ninyonye kwa sindano. Ila kesho lile gunia kubwa tunabeba wawili."

Na kweli walibeba wawili, Baba akihema njia nzima.

Nilipona. Kovu ninalo, na wajukuu ninao. Bi Mwanahawa alikufa bila kuniomba radhi, nami sikwenda msibani, wala sijutii. Ila neno lake moja lilikuwa kweli: ndani yangu mna damu ya mtu. Ni ya Seif, na aliitoa mwenyewe.