Nilivyokipata kitenge cha Marshali, nikakaribia kumkosa mchumba

Wakuu, nawasalimu kutoka Beni, commune ya Ruwenzori. Chumvi sitaongeza, aibu yenyewe inatosha.

Mimi hukusanya vitu vya yule rais wetu wa enzi za Zaire, Marshali. Noti zake ninazo, beji za chama ninazo, hata sahani ya bati yenye sura yake, imetoboka kwenye paji la uso. Nilikosa kitenge cha chama tu, kile walichovaa akina mama kwenye gwaride.

Mwaka jana nikampenda Kahindo, mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu. Tukaenda Butembo, kwao Bulengera, nijitambulishe kwa mama yake na kuomba ruhusa ya kuleta wazee wangu kwa posa.

Lakini wakuu, kuingia tu sebuleni, Marshali huyo ananitazama kutoka kwenye kiti. Kitenge chenyewe, rangi bado inawaka.

Nikasahau kilichonileta. Kabla hata chai haijaletwa, nilishaanza kukiomba.

Mama akakichukua, akakikunja taratibu. "Hii kikwembe njo nilibebea batoto yangu yote saba. Mutu wa inje hapana kuibeba. Ni ya mutoto wa hii nyumba tu."

Mwenye akili angenyamaza hapo.

"Basi mama," nikasema, "miye ni mutoto wako."

Mama akafurahi kweli. Akaita majirani wawili wawe mashahidi, akanifunga kitenge mgongoni, akamshukuru Mungu kwa mtoto wa nane. Amina yangu ilizidi za wote.

Kahindo akaweka trei ya chai mezani. "Karibu, kaka," akasema. "Kwetu kaka na dada hapana kuoana."

Majirani walicheka hadi wakashika ukuta. Yeye hakucheka.

Nikaanza kufungua fundo mbio mbio. Mama akanizuia: mtoto hajitoi kwenye ukoo mikono mitupu, alete mbuzi kwanza. Nikapanda pikipiki hadi sokoni, nikarudi na mbuzi mapajani, amenikojolea suruali yote. Kitenge kikarudi kitini, nami nikarudi kuwa mgeni. Ruhusa ya posa nikapewa.

Tulipofika Beni, Kahindo akaniambia, "Siku uliniambia unanipenda, macho yako haikuwaka kama vile leo."

Iliniuma, wakuu, maana ni kweli.

Nilichojifunza: ukienda ukweni, taja kwanza kilichokupeleka.

Leteni maoni, nimjibu nini? Andikeni kwa adabu tu. Yuko hapa kando yangu, simu ameishika yeye, na ndiye atakayenisomea.