Springi za Binamu

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliniuzia springi za gari lisilo langu, nami nikazipokea nikicheka. Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akadhani nilimwonea.

Gari lenyewe ni pikapu ya Kifaransa aliyoiacha baba, kuukuu kuliko mimi. Baba alikuwa fundi hapa Palma. Tulipokimbia vita pikapu ilibaki uani, na tuliporudi niliikuta imepiga magoti mbele: springi zimechoka, shokabu zimemwaga mafuta yote, bushi zimekuwa unga. Injini ilikubali baada ya siku mbili za kubembelezwa. Sehemu ya mbele haikutaka kubembelezwa, ilitaka vifaa.

Nilivitaka haraka. Jiko la kambi ya wafanyakazi wa gesi huko Afungi lilikuwa linatafuta mtu wa kupeleka samaki kila asubuhi, nami nilikwisha kukubaliwa kwa sharti moja tu, gari lipite ukaguzi. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye orodha. Wako watu waliosema gari la marehemu liuzwe chuma chakavu, na nilitaka wanione nikipita nalo.

Vifaa halisi vya gari lile havitengenezwi tena. Unachagua kati ya vilivyong'olewa kwenye magari mabovu huko Dar, vipya vya kuiga vinavyokuja ndani ya maboksi ya kupendeza, na vya fundi mmoja wa Pundanhar anayechonga bushi kwa mpira wa tairi la lori. Bushi nilichukua zake. Zinakaza kidogo, lakini njia zetu zinazijua. Springi na shokabu nilikwenda kwa binamu, ambaye alikuwa akivusha vipuri kutoka Mtwara na duka lake lipo karibu na soko.

Kwetu binamu ni mtani, na mimi na huyu tulikuwa watani wa kupindukia. Tangu utotoni, akikisifu kitu nilikikimbia, akikitukana nilikichukua. Akisema kanga fulani inafaa kufutia masufuria, nilijua amenichagulia iliyo nzuri kuliko zote, na haikuwahi kuwa vinginevyo. Hata mume wangu wa zamani, binamu alimsifu, nikapuuza onyo hilo, nikaolewa, yakanikuta.

Siku ile alitandaza jozi mbili za springi juu ya mkeka. Moja ilikuwa ya mtumba, ina kutu, na akaisifu sana, akasema inafanana na ile ya baba. Nyingine ilikuwa mpya, nyekundu. Akaigusa kwa kidole cha mguu.

"Funga hizi, gari lako likae kama chura anayetaka kuruka," akasema. "Watakufukuza getini."

Nikacheka, nikachukua nyekundu pamoja na shokabu zake.

Baba alinifunza kwamba springi mpya huisimamisha sakafuni kando ya ile ya zamani, ukalinganisha urefu, unene wa waya na idadi ya mizunguko. Sikufanya hivyo. Kupima mali ya mtani wako mbele ya macho yake ni kumwambia utani umekwisha, na mimi sikulelewa hivyo. Ujinga wangu ulikuwa huo, na ulikuwa ujinga wa heshima.

Nikazifunga, na siku ya ukaguzi mkaguzi aliegemea boneti kwa mikono miwili, haikushuka hata kidogo. Akachungulia chini. Magurudumu yalikuwa yamepinda kama miguu ya bata, na viungo vya chini vimevutika mpaka mwisho. Akanitazama kwa huruma.

"Chumbou, mana," akasema kwa Kireno, yaani limefeli, dada, akalitia alama kwenye karatasi yake.

Wiki iliyofuata samaki wa Afungi walikuwa wanapelekwa na pikapu ya binamu yangu.

Nilimfuata dukani. Hakunyanyuka hata kwenye kiti. "Nilikwambia litakaa kama chura," akasema. "Sasa kosa langu lipi?" Wateja wakaangua kicheko. Mtani hakasiriki, kwa hiyo nami nilicheka, nikarudi nyumbani, na kuanzia siku ile nikamchukia kwa bidii. Zile springi nyekundu nilizifungua, nikazipaka mafuta zisishike kutu, nikazihifadhi chini ya kitanda. Mama, ambaye ni shangazi wa binamu, aliniuliza za nini. Nikamwambia za kumbukumbu.

Miezi minane baadaye alimwoza binti yake. Wakwe walikuwa watu wa Mtwara wenye magari ya mizigo yanayokuja Palma, wateja wake wakubwa. Desturi inaturuhusu watani kuziba mlango mpaka tupewe chochote, nami nikakaa mlangoni na kifurushi cha kitenge kipya mapajani. Walinipa pafyumu, nikakataa. Wakanipa doti ya kanga, nikakataa. Nikakifungua kifurushi, nikasimamisha springi nyekundu na ile ya baba juu ya saruji, sambamba, nyekundu ikiizidi mwenzake urefu na unene wa waya.

Nikawasimulia yote, chura na bata, nikamwigiza hata mkaguzi. Walicheka mpaka wakajifuta machozi. Binamu alicheka kuliko wote, angefanyaje?

"Wakwe," nikasema, "mkifika kwenu, nanyi zisimamisheni zenu hivi hivi."

Kicheko kikakatika. Mjomba wa bwana harusi alichutama, akapitisha kidole gumba kwenye waya mmoja, kisha mwingine. Akamtazama binamu. Nikaondoka mlangoni bila kuchukua chochote.

Kufika Ramadhani hakuna mwenye lori aliyenunua kwake. Duka lake sasa linauza sabuni na betri za tochi. Nilifurahi, na sitaki kusingizia kwamba sikufurahi. Nilifunga springi za mtumba kutoka kwa mtu mwingine, gari likakaa sawa, na ingawa kazi ya Afungi ilikwisha kunipita, nilikuwa napita mbele ya duka lile polepole makusudi. Yeye hunisalimu tu: "Habari za asubuhi, dada." Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, nilijisemea, na nikaongeza moto.

Mwaka huu mama alifariki. Msibani kwetu mfiwa hali chakula mpaka binamu amtukane: amfichie viatu, amwambie marehemu amekimbia mapishi yake, mfiwa acheke apende asipende, ndipo sahani iletwe. Binamu alifika siku ya kwanza kabla ya wote. Alichota maji, alipasua kuni, alibeba jeneza. Siku ya tatu sijatia kitu kinywani, akina mama wakampa sahani ya wali, wakamsukuma kwangu.

Niliinua uso. Nakiri nilikuwa namsubiri.

Aliiweka sahani chini kwa mikono miwili. "Pole sana, dada yangu. Mungu akupe subira," akasema, akarudi kinyumenyume kama mtu anayemuaga mkwe wake.

Wali ulipoa pale mbele yangu. Mjomba wangu alizaa mtoto mmoja tu; binamu mwingine wa kunitukana sina.