Nilimchongea Baba Mdogo kwa Hesabu za Mchezo wa Wafalme

Kosa ni langu, sikutumwa na mtu. Nilimchongea baba yangu mdogo kwa baba, na baba akafa amemnunia.

Mimi ni kijana wa Magomeni. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, na kwa miaka nimekuwa mtumwa wa mchezo mmoja wa wafalme wa zamani. Humo huongozi jeshi tu, unaongoza ukoo. Kila ndugu ana tabia zake, na kando ya picha yake kuna namba inayoonyesha anakupenda au anakuchukia kiasi gani. Unaozesha binti upate mshirika, unampa mpwa cheo atulie. Wa kuogopwa kuliko wote ni mdogo wake mfalme. Mfalme akiugua, huyo ndiye anayenyemelea kiti. Nimepoteza falme nyingi hivyo, nikaapa sitashtukizwa tena.

Baba na baba mdogo walikuwa na duka moja la vitenge Kariakoo. Baba mdogo alizoea kunitania, "Mtukufu sultani, leo umemnyonga nani?"

Kisha baba akapata kiharusi. Akawa wa kitandani, ila kusema anasema.

Nikaanza kumtazama baba mdogo kwa jicho la mchezo. Amebadilisha kufuli la duka, ufunguo hakuleta nyumbani. Akipigiwa simu, anatoka nje. Kwangu dalili zilikuwa zimetimia. Sikumuuliza. Nilikwenda kwa mgonjwa.

"Baba, kufuli la duka limebadilishwa. Ufunguo anao baba mdogo peke yake."

"Hata kufa sijafa," akasema. Akamwita shangazi, dada yao. "Huyo asiingie humu. Na nikifa, asishuke kaburini kwangu."

Kwetu ndugu wa damu ndiye anayeshuka kumpokea maiti. Kumnyima hilo ni kumkana.

Baba mdogo akawa anakuja kila asubuhi na uji, anaishia barazani.

Siku moja shangazi akanivuta jikoni. "Wezi walivunja duka. Baba yako mdogo kaficha ili kaka asishtuke, na simu zote hizo ni za polisi. Ufunguo wenu ninao mimi, kanipa nikae nao mpaka mgonjwa apate nafuu. Nani kampelekea kaka maneno?"

Nilimwambia ni mimi. Akashika kichwa. "Basi ingia ukayafute mwenyewe."

Sikuingia. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kikae sawa kabla sijakianza. Nikakaa napanga maneno, napangua, natafuta namna ya kusema ukweli baba asinichukie. Nikajiambia kesho. Kesho yake baba hakuwa anamtambua mtu, na alfajiri iliyofuata akafariki.

Makaburini shangazi hakuwepo, wanawake walibaki nyumbani. Mzee mmoja akaniuliza, "Marehemu aliutengua ule wosia?"

"Hapana."

Niliishia hapo. Baba mdogo akanishika bega. "Kaka kasema. Shuka wewe, mwanangu."

Nikashuka. Nilipoinua mikono kumpokea baba, niliona miguu ya baba mdogo pale ukingoni, peku, imejaa udongo.

Baada ya arobaini nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, hakufoka.

"Ungeniuliza tu," akasema. Tangu siku hiyo hajanitania tena.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu umemchongea kwa mgonjwa, ingia chumbani sasa hivi, hata ukigugumiza, hata ukilia. Mgonjwa hatakusubiri upange maneno.