Profesa Aliyeoa Ili Aongee

Jamaa zangu wa Mutsamudu, sogeeni, na wewe mwenye kahawa acha kukohoa. Mnauliza profesa akistaafu anafanya nini. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini jibu ninalo, nimelishona kwa sindano yangu mwenyewe.

Miaka ile mamluki wa kizungu wanatamba na magwanda yao meusi, profesa mmoja alirudi kwao Moroni. Alifundisha Ufaransa elimu ya mawe na milima mpaka kichwa kikawa cheupe kama pamba. Kajenga, katulia, ana wajukuu. Jioni akaenda bangweni, pale uwanjani wanaume wanapoamua mambo ya mji. Siku hiyo wanaamua pa kuchimba birika la maji ya mvua. Profesa akaona wanapapenda mahali penye jiwe lenye matundu kama mkate wa kumimina, maji yote yatapotea chini. Akasimama.

"Mtoto, kaa chini," akasema muuza samaki mmoja.

Ngazidja, kisiwa chao hicho, ndivyo ilivyo. Kama hujafanya harusi kubwa, ile ya ng'ombe na dhahabu na kulisha mji mzima, wewe mtoto tu, hata uwe na meno ya bandia. Profesa alikuwa ameoa kimyakimya, kwa kahawa na ubani. Wakampa sinia la wali awagawie wakubwa.

"Lakini hilo birika, baba zangu..."

"Mtoto, wali unapoa."

Basi akaamua. Akaniletea salamu huku kisiwani kwetu nimdarizie joho la bwana harusi. Nikalitia uzi wa dhahabu mpaka likashindwa kupita vichochoroni mwetu, tukalipitisha juu ya mapaa. Nilipopanda nalo ndege kwenda Moroni, ndege iliruka imeinama upande mmoja, wallahi. Akaoa kwa kishindo, mke yuleyule, bibi wa wajukuu zake. Ng'ombe walisikika wakilia mpaka Itsandra, mji wa jirani, harufu ya pilau ikavuka bahari mpaka huku kwetu Mutsamudu.

Kesho yake yule muuza samaki akasogea kwenye benchi la mawe, akampisha. "Karibu, mkubwa wetu. Ulikuwa na neno la birika?"

Profesa akasimama. Akaanzia zamani, mlima wao wa moto haujazaliwa. Alasiri ikapita yuko baharini bado, kisiwa chenyewe hakijatokeza. Wazee wakasinzia, wakaamka, mmoja akaota ndevu upya.

"Tumekubali, mkubwa wetu," akasema muuza samaki. "Tutachimba popote unapotaka."

"Sijafika kwenye birika," akasema profesa.

Giza likiingia, mamluki wawili wakapita na gari. Wakaona watu wamejazana, mmoja kasimama anahutubia, wakadhani hapo inapangwa serikali kupinduliwa. Wakashuka na bunduki, wakauliza huyu anasema nini. Profesa akafurahi, kapata wanafunzi wapya. Akawageukia kwa Kifaransa, akaanza tena, tangu mlima haujazaliwa. Haki ya Mungu, watu wale walioichukua nchi nzima kwa bunduki chache walirudi garini kinyumenyume, wakaondoka bila hata kuwasha taa.

Profesa akakunja mikono ya joho langu, akasema, "Tuendelee."

Ndipo muuza samaki akaropoka: "Jamani, akimwacha mkewe, hawezi kurudi kuwa mtoto?"