Gauni la Bibi Mwitaliano

Mwaka 2017 nilikuwa nashonea nyumbani, chumba kimoja mtaa wa Troyeville: upande huu wa pazia kitanda, upande ule cherehani. Mteja wangu mmoja akaniunganisha na bibi Mwitaliano, mjane, aliyeishi Bezuidenhout Valley, mwendo wa miguu kutoka kwangu. Alitaka gauni lake la harusi lipunguzwe ili mjukuu wake aolewe nalo. Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Waitaliano nilikuwa nawajua kwa viatu tu.

Siku ya kwanza alifungua kufuli tatu, akanitazama kuanzia nywele hadi kandambili, kisha akanivuta akanibusu shavu hili na hili. Machale yakanicheza. Mtu anayejifungia kama benki, halafu anakubusu kama ndugu yake, anataka nini?

Akanipa kahawa kwenye kikombe kidogo kama cha mtoto anayecheza jikoni. Nikasema moyoni, huyu mchoyo. Mchana akaleta sahani ya makaroni imejaa, nikala yote kwa adabu. Akaja na nyama. Baada ya nyama, majani mabichi ya saladi. Nikaanza kujiuliza kwa nini ananinenepesha. Nilipoomba kahawa ya maziwa ya kushushia chakula, alinitazama kama nimeomba kunawia miguu kwenye sufuria yake.

“Maziwa asubuhi tu,” alisema. “Baada ya kula, hapana! Tumbo litakufa.”

Ndipo akalitandaza gauni kitandani. Lesi yake ilikuwa imefumwa kwa mkono, maua madogo kama punje za mtama.

“Bibi, sijawahi kuona kitu kizuri namna hii,” nikamwambia.

Hakushukuru. Niliona mkono wake ukishuka ubavuni, kidole cha shahada na kile cha mwisho vimesimama, vingine vimekunjwa, kama pembe za mbuzi. Aliuelekeza sakafuni. Nami nikajifanya sijaona.

Jioni nilimhadithia jirani yangu, msusi kutoka Bukavu.

“Pembe?” akasema. “Na umekula kwake? Dada, eish! Kesho usirudi.”

Lakini gauni lilikuwa limeshafumuliwa mishono. Siku tatu baadaye nikarudi, nikiwa nimefunga na kuomba.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Bibi alikuwa ameinama mezani, kitambaa kimemkaza kichwani, mbele yake sahani ya maji. Alichovya kidole kwenye mafuta ya zeituni, akadondosha tone, huku akinong’ona maneno nisiyoyajua. Tone likatanuka juu ya maji, likapotea. Akainua macho, akaniona.

“Ni jicho,” alisema. “Kichwa kinaniuma tangu ile siku. Kuna mtu amenitazama vibaya.”

Nikashika mkoba wangu wa mikasi. “Bibi, unaniroga?”

“Mimi?” Akajipiga kifua. “Wewe ndiye! Umesifu gauni, hukusema Mungu alibariki!”

Kumbe zile pembe alikuwa anajikinga na mimi. Nikamkumbuka mama yangu: mtu akimsifu mtoto wake mchanga bila kumtaja Mungu, mama alimfunika mtoto kwa kitenge, na mgeni akiondoka alimfungia mtoto uzi mweusi mkononi. Kwa hiyo siku tatu nzima, mimi nilikuwa nafunga kwa kumwogopa, naye anasubiri kujua kama mchawi ni mimi.

“Mungu alibariki gauni,” nikasema. “Akubariki na wewe.”

Alinipima kwa macho, kisha akavuta kiti kwa mguu ili nikae. Sikukaa. Kwanza nilimwomba simu nikampigia mjukuu wake, kwa sababu midomo ya yule bibi ilikuwa imepauka, na mafuta sikuyaamini hata kidogo. Kliniki walimkuta na presha ya juu sana. Nesi akasema afadhali tumemleta mapema. Bibi akasema nesi ni mdogo mno kujua lolote, lakini dawa akazimeza.

Gauni lilimkaa mjukuu vizuri, nikaalikwa harusini. Kwenye karamu wazee watatu wakaanza kufokeana, wamesimama, mikono inakata hewa, mmoja anagonga meza. Nikavua viatu chini ya meza niwe tayari kukimbia. Nikamuuliza bibi nani amemkosea nani.

“Hakuna,” alisema, akitafuna. “Huyu anasema mchuzi wa nyanya utiwe sukari. Wale wanakataa.”

Nikamuuliza yeye anaonaje. Akaweka uma chini, akasimama, akaanza kufoka kuliko wote.