Amebeba cha Moto

Usiku ule usingizi sikuutafuta, wenyewe ndio ulionikuta chini. Nasema chini kwa maana ya chini kabisa. Kule kwa mwanangu Neema watu wanalala sakafuni, juu ya godoro jembamba linalokunjwa asubuhi na kutiwa kabatini kama shuka. Mimi mtu mzima, nyumbani kwangu Singida vitanda vya mninga vimejaa hadi vingine havilaliwi, halafu nalala sakafuni Ujapani, napigwa na upepo unaopita chini ya mlango wa karatasi. Lakini nilinyamaza. Kesho yake nilikuwa naondoka, na lile lililonipeleka kule nilikuwa bado sijalisema.

Nieleze. Mke wangu, Mama Neema, alifariki mwaka juzi, kabla mvua hazijaanza. Tulianza pamoja pale stendi, yeye na sufuria ya uji, mimi na mgongo wa kubebea mizigo ya watu. Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kwenda kuiomba kitu. Tukapata kibanda, kikawa mgahawa, mgahawa ukawa na paa, ukawa na jina. Alipokufa, meza zilibaki, paa likabaki, na mimi nikabaki nimekaa mlangoni kama mtu anayesubiri basi lililokwishapita.

Neema ndiye mtoto wetu pekee. Alikwenda Ujapani kusoma, akamaliza, hakurudi. Kazi yake ni kutembeza wageni katika mji mdogo wa mahekalu, huko milimani. Anatangulia na kibendera chake cha njano, anawapitisha duka kwa duka wakionja vyakula vya pale, anawaeleza hekalu hili ni la nani na kengele ile inapigwa kwa sababu gani. Mimi nilikwenda kumchukua. Nilitaka arudi ashike mgahawa wa mama yake. Neno lenyewe ni moja tu, rudi. Wiki mbili nzima nililala nalo mdomoni na kuamka nalo.

Kuna jambo moja la mgahawa lazima nilitaje, maana bila hilo ndoto niliyoota usiku ule haina kichwa. Mama Neema alikuwa na sheria yake. Mtu aliyebeba cha moto haitwi. Siku moja mteja alimpigia kelele msichana wetu wa kazi, "We dada, pilipili!" naye akageuka na bakuli la supu, supu ikamwishia mguuni. Tangu hapo, hata mimi mwenye mgahawa nikitaka kuita mtu naambiwa, "Ngoja atue." Nikisema nina haraka, "Ngoja atue." Wateja wakawa wanatania kwamba hata nyumba ikiungua, Mama Neema atasema ngoja atue.

Basi, siku ile ya mwisho Neema alinichukua katika matembezi yake, mimi na wageni wengine wa mataifa yao. Tukapanda ngazi za mawe zilizoota ukoka, ubani unanukia kila kona.

"Baba, usiachwe nyuma."

"Mimi siachwi. Natazama."

Mahali fulani nikakuta kinu. Kinu kabisa, cha gogo! Wanaume wanatwanga wali uliopikwa kwa nyundo ya mti mpaka unakuwa kama ugali unaonata, na bibi mmoja anatia mkono kati ya pigo na pigo, anaugeuza. Nikaona hapa ndipo penye kazi yangu. Nikavua koti, nikaomba ile nyundo.

"Baba, taratibu! Kuna mkono wa mtu humo!"

"Nimetwanga kabla hujazaliwa."

Nilitwanga mara chache tu, yule bibi akauondoa mkono wake na kuuficha mgongoni, akacheka mpaka akainama. Wageni wakapiga makofi. Sikuelewa wananisifu au wananicheka.

Baadaye tukaketi kula, duka dogo chini ya hekalu. Wali, supu, na mboga za kuchachushwa. Nimehangaika na vile vijiti vyao mpaka vidole vikakakamaa, nikaamua kujifuta jasho. Nikavichomeka vijiti katikati ya wali, vikasimama wima, kama mwiko kwenye sufuria ya ugali. Watu wakaacha kula. Mama mwenye duka akaja, akainama, akavichomoa kwa mikono miwili na kuvilaza kando ya bakuli.

Neema akanisogelea sikioni. "Baba, wali wa kusimamishiwa vijiti ni wa marehemu. Ndivyo wanavyowapakulia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umemkaribisha mtu."

Mgeni mmoja akacheka. Nikaona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. "Basi aje ale," nikasema. "Mimi tangu nifungue mgahawa sijafukuza mteja."

Neema alicheka mpaka akafuta macho. Tangu nifike hakuwa amecheka hivyo. Kicheko kikaisha, yeye bado anafuta macho.

Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Nikajiona nipo kwenye zile ngazi za mawe, nyuma kabisa. Mbele kibendera cha njano kinapanda, wageni wanakifuata. Ukungu umeshuka. Nyuma ya wageni wote kulikuwa na mama mmoja amejifunga kitenge cha kijani, bega la kushoto limeshuka kidogo, kama mtu aliyezoea kubeba ndoo upande mmoja. Mwendo ule naujua. Mwendo ule nimeufuata tangu stendi. Nikafungua mdomo niite, sauti haikutoka. Nikapanda ngazi mbili, wao wameshapanda nyingi. Nafika kwenye duka, wameshaondoka, mabakuli yanafuka moshi na hakuna hata la kwangu. Nafika la pili, hivyo hivyo. Mimi niliyekuwa nabeba magunia mawili kwa mkupuo, nashindwa na ngazi.

Halafu hakuna ngazi. Natwanga. Nyundo iko mikononi mwangu, inapanda na kushuka, na mkono unaoingia kwenye kinu ni wa Mama Neema. Nauona ule ukucha wake wa kidole gumba uliopasuka. Anaugeuza ule wali polepole, kama anayemgeuza mtoto aliyelala vibaya. Nataka kuacha, mikono haiachi. Toa mkono, nasema moyoni, toa mkono mama, nitakuumiza, na nyundo inashuka, na yeye hata haiangalii. Ananiangalia mimi.

"Umekonda, Baba Neema."

Ndiyo salamu yake. Tangu afe nimelala na maneno ya kumwambia siku nikimwona, na hapo nimesimama natwanga kama mashine, sina hata moja. Nyundo inapanda. Nyundo inashuka. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, nyundo haipo, nipo mlangoni pa hekalu. Viatu vimepangwa pale kwenye jiwe, jozi kwa jozi, vyote vimeelekezwa nje kama watu wanaojiandaa kutoka. Wenyewe wote wameingia. Malapa yake mekundu yapo pia, lile la kulia limeshonwa kwa uzi wa katani, uzi nilioushona mimi. Nainama nivue viatu vyangu vya ngozi, vile vya safari, na kamba hazifunguki. Nafungua fundo moja, linajifunga jingine. Vidole ni vyangu, vimefunga magunia miaka na miaka, na kamba ya kiatu inavishinda. Ndani nasikia vijiko. Nasikia harufu ya uji wa ulezi. Kiatu hakivuki, na kwa viatu haiingiwi.

Basi nikabaki pale nje, natazama.

Sakafu ya ndani ni mbao ndefu, inang'aa, mwisho wake hauonekani. Na juu ya sakafu ile anapita mwanangu Neema. Amebeba sufuria kubwa kwa mikono miwili, mvuke umemfunika uso mpaka kidevuni, anatembea kwa hatua fupi fupi, zile za mama yake. Mbele yake, mbali sana, watu wamekaa wanamsubiri. Siwatambui. Nikakumbuka kwamba kesho naondoka. Nikakumbuka neno langu. Na hapo hapo nikahisi kifua kimefunguka, sauti imerudi, yote, ile ya stendi ya kuita abiria. Nikavuta pumzi.

"Ne—"

Kiganja kikaniziba mdomo. Cha baridi, kinanuka moshi na kitunguu.

"Ngoja atue."

Nikakiondoa kile kiganja, taratibu, nisije nikakivunja. "Atatua lini?"

Akakifuta kiganja kwenye kitenge.

"Mama Neema, lini? Mimi nimezeeka. Nyumba ile nalala peke yangu."

Akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mteja aliyekuja chakula kimeshaisha, kwa huruma, lakini sufuria haina kitu. Akaketi kwenye jiwe, kando ya viatu. Mapajani ana bakuli la wali, na vijiti vyangu vimesimama katikati, kama nilivyovichomeka. Akavichomoa, akaviweka pembeni, akala kwa mkono. Anakunja tonge, anameza, anakunja jingine. Njaa nilikuwa nayo mimi pia. Nikanyoosha mkono kama zamani, tulipokuwa tunakula sahani moja.

"Hiki changu," akasema. "Umenipakulia mwenyewe."

Akala mpaka punje ya mwisho, akalamba kiganja. Akavaa malapa yake, akateremka ngazi, bega la kushoto limeshuka, wala hakugeuka. Nikataka kumfuata. Nikajikwaa. Kamba za kiatu cha kulia zilikuwa zimefungana na za kushoto.

Nikaamka. Miguu imejisokota kwenye blanketi, macho yamelowa, na mlango wa karatasi umekuwa mweupe kwa asubuhi. Nilikaa pale sakafuni, nina hasira, nisikufiche. Mwanamke yule tangu mtoto azaliwe alikuwa upande wa mtoto. Nikasema hata kaburini hajabadilika.

Kisha nikasikia hatua kwenye mbao. Fupi fupi. Jina lake likanipanda kooni lenyewe, nikalimeza. Mlango ukasukumwa kwa goti. Neema akaingia na sufuria ya supu, mvuke usoni, akapita mbele yangu, akaiweka mezani. Hapo ndipo nilipopumua.

"Heh, shikamoo Baba. Kumbe uko macho? Mbona hukuniita nikakuletea maji?"

"Marahaba. Ulikuwa umebeba cha moto."

Akasimama vile vile, vitambaa vya kushikia sufuria bado vipo mikononi. Maneno yale hakuwa ameyasikia tangu mama yake afe. Akaviweka vitambaa kando, akapiga magoti pale mezani.

"Haya, Baba. Nimetua. Tangu ufike una kitu unataka kusema. Sema."

Nikamtazama mikono, ilikuwa mitupu. Nikatazama kiunoni, kibendera cha njano kilikuwa kimechomekwa kwenye aproni, tayari, maana kulikuwa na wageni wanamsubiri chini ya hekalu kabla hajanisindikiza uwanja wa ndege.

Hakuwa ametua.

"Pakua," nikasema. "Tule kabla haijapoa."